Pikapu Kuukuu: Somo Tulilolileta Kutoka Arusha

Ndugu Wanachama,

Mtakumbuka kuwa katika mkutano uliopita ilizuka hoja juu ya pikapu ya Chama, ile Landrova ndefu ambayo sasa yapata mwaka na nusu imelala chini ya mwembe nyuma ya ghala, na kuku wakitaga ndani yake. Waliosema walikuwa nusu kwa nusu. Wengine walitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wengine walitaka itengenezwe kabla ya mavuno yajayo. Hoja haikumalizika, ila Kamati iliagizwa itafute maarifa kwanza kisha iyalete mbele ya wanachama. Kamati ikatutuma sisi wawili, Katibu na dereva wa Chama, tuvuke bahari twende mpaka Arusha, mji ulio chini ya Mlima Meru, ambao mafundi wake wana sifa ya kuzifufua Landrova za zamani. Tumekwenda na tumerudi salama, alhamdulillahi, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Lakini kabla ya habari za Arusha hatuna budi kuanza na kile kilima ambacho kila mwanachama anakijua.

Pikapu hii ilikwisha kutengenezwa mara moja. Ilipelekwa kwa fundi mmoja, ikakaa wiki tatu, ikarudi inang'ara kama sahani: rangi mpya ya kijani, viti vipya, taa mpya, na jina la Chama limeandikwa mlangoni kwa hati nzuri kabisa. Sisi tuliizunguka mara mbili, tukafungua mlango na kuufunga, tukasikiliza injini, tukaridhika. Mkono uliotia saini hati ya malipo ndio huu unaoandika makala haya. Hatukuinama kutazama chini. Siku ya kumi na moja, gari ikipanda kilima na magunia ya karafuu mbichi, na vijana watatu wamekaa juu ya magunia, springi ya nyuma upande wa kushoto ilichomoka pamoja na kipande cha chasisi kilichoishikilia. Gari ikalala upande, magunia yakateleza, na kijana mmoja, mtoto wa mwanachama mwenzetu, akavunjika mguu. Mguu umeunga lakini haukuunga sawa, na kijana yule hapandi tena mkarafuu. Na zile karafuu zililala usiku kucha magunini kando ya njia zikapata moto, zikavunda, zikapoteza rangi, na mwenye nazo akapata bei ya chini.

Fundi yule hatumtaji, wala hatumlaumu peke yake. Tulimwambia aifanye gari iwe kama mpya, naye aliifanya ionekane mpya. Hatukumwuliza zaidi ya hapo, kwa sababu hatukujua la kuuliza. Ndiyo maana safari hii tulikwenda kama wanafunzi, tukiwa na daftari.

Twaanza na gari yenyewe, maana ukiijua asili yake utajua pa kuitazama.

Landrova tangu mwanzo ilikusudiwa wakulima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na jipu ya Kimarekani iliyobaki vitani, akiitumia katika shamba lake huko Anglesey, ambacho nacho ni kisiwa. Akawaza: jipu hii ikifa, nitaweka nini mahali pake? Basi kampuni ikaunda gari yake, ikaionyesha watu kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Iliwekewa hata mahali pa kuchukulia nguvu ya injini ili iendeshe msumeno au mashine ya kupura nafaka, gari yenyewe imesimama. Miaka ile chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, kwa hiyo bodi ilifanywa kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine, na chuma kikaachwa kwa chasisi na sehemu chache ambazo lazima ziwe ngumu.

Hapo, ndugu mwanachama, ndipo penye hadaa. Alumini haipati kutu nyekundu. Bodi ya Landrova yaweza kukaa miaka 60, ukaipaka rangi leo ikakurudishia uso wako kama kioo, na huku chini yake chasisi imekwisha kuliwa kama papai lililoingiwa na wadudu. Chasisi yenyewe imeundwa kama sanduku refu, mabamba ya chuma yaliyochomelewa ubavu kwa ubavu, na ndani yake ni tupu. Maji na mchanga huingia kwa vitundu, hukaa humo ndani, na kutu huanza ndani ikija nje. Siku utakapoiona kutu kwa nje, jua kuwa imekwisha maliza kazi yake.

Na sisi wa visiwani tuna adui wa pili. Alumini ikigusana na chuma pakawapo na maji ya chumvi, alumini huliwa. Utaona unga mweupe, kama chokaa, pale bodi ilipofungwa kwa bolti kwenye chuma. Sisi tulidhani ule ni uchafu wa kuku.

Yetu ni ile iitwayo 109, maana yake kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 109. Urefu huo ulianza mwaka 1956. Mwaka 1958 likaja toleo la pili, likafanyiwa marekebisho mwaka 1961, na toleo la tatu likaanza 1971 likaendelea mpaka 1985. Njiani dereva na Katibu tulibishana tangu bandarini: yeye akisema yetu ni ya toleo la pili, sisi tukisema ni ya tatu, maana grili yake ni ya plastiki na mita ziko mbele ya dereva, ambazo zote ni dalili za toleo la tatu. Tulipofika Arusha tulimwonyesha fundi picha. Hakuangalia grili wala mita. Alimgeukia dereva akamwuliza, "Kaka, gia ya pili inaingia kimya au inalia?"

"Inalia, Mzee, mpaka nikanyage klachi mara mbili."

Basi fundi akacheka. Toleo la tatu lina gia zinazoingia kimya zote za kwenda mbele, na matoleo ya kabla yake gia ya kwanza na ya pili zataka klachi mara mbili. Kwa hiyo giaboksi yetu ni ya zamani na uso wetu ni wa baadaye. "Hiyo si gari moja," akasema, "ni ndoa." Tukatambua kuwa sote wawili tulikuwa na haki, na sote wawili hatukuwa nayo.

Sasa tufike Arusha. Mwenye kuzoea joto la kwetu aende na sweta, maana mji uko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na Mlima Meru unaousimamia ni wa pili kwa urefu katika Tanzania baada ya Kilimanjaro, mita zaidi ya 4,500. Huko ndiko watalii wanakoanzia safari za Ngorongoro na Serengeti, na kwa miaka mingi safari hizo zilifanywa kwa Landrova. Baadaye Land Cruiser ya Toyota ilichukua nafasi yake, na leo ukisimama barabarani asubuhi utaziona zikipita moja baada ya moja, zimekatwa katikati zikarefushwa, paa limeinuliwa ili watalii wasimame watazame wanyama. Kazi hiyo ya kukata na kuunda upya bodi hufanywa pale pale mjini. Iko kampuni kubwa kama Hanspaul, na viko vigereji vidogo vya uani visivyo hata na kibao. Landrova za zamani ziliposhuka daraja katika utalii hazikutupwa, bali zilipanda mlimani. Wakulima wa Kimeru na Kiarusha huzitumia kushusha ndizi, maziwa na kahawa, na wale wa Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, huteremsha nyanya. Mapenzi ya watu wa huko kwa gari hizi si ya mchezo: mwezi wa Oktoba 2024 lilifanywa Arusha tamasha la Landrova, mamia ya magari yakapita kwa msafara, kwa nia ya kuipita rekodi ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018.

Gereji tuliyokwenda ni ya uani, upande wa Unga Limited. Mwenyewe ni mzee wa Kimeru aliyeanza kazi hii angali kijana. Kwa ajili ya kofia zetu alituita "mashehe" tangu tulipoingia mpaka tulipoondoka, nasi hatukuona vibaya.

Alikuwa na pikapu 109 ya mkulima mmoja wa ndizi, sawa kabisa na yetu kwa umbo. Bodi ilikuwa imeondolewa yote. Sehemu ya nyuma ilikuwa imeegemezwa ukutani, sehemu ya dereva inaning'inia kwa minyororo kwenye tawi la mti, na chasisi iko tupu juu ya magogo. Mzee alimpa dereva wetu nyundo ndogo, akatupa sisi bisibisi na kipande cha chaki, akasema, "Mashehe, someni."

Somo lilikuwa hili. Waigonga chasisi kidogo kidogo, shubiri kwa shubiri, kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia mlio mkali, na kilichooza hutoa mlio wa kufa, kama debe lenye mchanga. Unapousikia mlio wa kufa, chomeka bisibisi kwa nguvu. Ikizama, tia alama ya chaki. Pahali pa kutazamwa kwanza ni pale springi zinaposhikwa na chasisi, mbele na nyuma. Kisha mikono inayotoka ubavuni kubeba bodi. Kisha boriti ya nyuma kabisa. Kisha ule ukuta wa chuma ulio baina ya injini na miguu ya dereva, khasa chini penye nyayo. Sisi tulikuwa na haya kidogo kulala chini na nguo za safari, lakini tulilala. Tulipomaliza, chasisi ile ilikuwa na alama 17. Mzee akaja na nyundo yake akaongeza 4 tulizoziruka, na mojawapo ilikuwa pale pale penye springi ya nyuma ya kushoto.

Hatukusema kitu. Dereva aliweka nyundo chini akatoka nje kidogo.

Kuziba nako kuna elimu yake. Fundi mbaya hubandika bamba juu ya kutu akachomelea pembeni, na kutu huendelea kula chini ya bamba kama kidonda kilichofungwa kitambaa bila kuoshwa. Fundi mzuri hukata mpaka afikie chuma kizima, kisha hutia chuma cha unene ule ule. Na ikiwa ni bamba la kuongezea nguvu, ncha zake huzichonga mfano wa ncha ya mkuki, asiache mshono unaokata chasisi wima kutoka juu mpaka chini, kwa sababu mshono kama huo ndio utakaokuwa njia ya ufa gari ikipata mzigo. Baada ya hapo hufungua vitundu vya chini ambavyo vimezibwa kwa matope, ili maji yanayoingia yapate pa kutokea, kisha hupaka rangi yenye zinki nje, na ndani hupuliza nta au oili. Tuliuliza juu ya oili chafu ya injini, ambayo wengi wetu huitumia kwa vile haina gharama. Mzee alisema yafaa kuliko kuacha wazi. Sisi tunaongeza letu: karafuu hushika harufu, na gari inayodondosha oili chafu haifai kuegeshwa penye majamvi ya kuanikia. Nta ni bora kwetu.

Springi zilikuwa zimefunguliwa jani jani, zimesafishwa, zile zenye ufa zimetolewa, na bushi zote mpya. Breki ndizo zilizotushangaza. Landrova za zamani zina mfumo mmoja tu wa maji ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likitoboka, breki zote zimekwenda. Mzee huziwekea pampu ya vyumba viwili, ili mbele ikifa nyuma ibaki, na huongeza kisaidizi cha kupunguza uzito wa mguu. Mabomba yote hutia mapya, hata yale yaonekanayo mazima. Kadhalika alitufundisha kuwa maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kwetu unyevu ni mwingi, kwa hiyo yafaa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Yetu, kwa kadiri dereva anavyokumbuka, hayakupata kubadilishwa.

Juu ya injini tutasema machache. Wengi Arusha hutoa injini ya petroli ya Landrova, ambayo ni ya lita 2 na robo, wakatia ya dizeli ya Toyota. Dereva wetu aliipenda sana fikra hiyo. Mzee akamwonya kuwa shafti zilizo ndani ya ekseli za Landrova hizi ni nyembamba na zilipimwa kwa nguvu ndogo. Ukitia injini ya nguvu maradufu, utazivunja moja baada ya nyingine, na kila mara itakuwa kilimani. Kwa mwendo wa karafuu, injini ile ile ikifanyiwa kazi vizuri yatosha. Jambo moja la kukumbuka: juu kule hewa ni nyepesi na injini hupoteza kadiri ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake au zaidi, kwa hiyo kabureta iliyopimwa Arusha lazima ipimwe tena ikishuka pwani.

Pikapu ya mkulima wa ndizi tuliiona imebaki bila rangi. Tulidhani fedha zimemwishia mwenyewe. Kumbe ndivyo Mzee anavyofanya kwa kila gari. Akishamaliza chasisi, springi na breki, huirudisha bodi juu yake, humpa mwenyewe gari ikiwa na rangi ya zinki tu, kijivu, mbaya kutazama, na kumwambia aitumie mwezi mzima kwa kazi ile ile atakayoifanya siku zote, na mzigo ule ule. Mwezi ukiisha huilaza tena, hutazama kila mshono kwa taa. Ikiwa pana ufa, utauona. Baada ya hapo ndipo hupaka rangi. "Rangi inaficha, shehe," alisema. "Ukiipaka mapema umejificha mwenyewe."

Maneno haya tuliyaandika daftarini, na usiku ule, katika nyumba ya wageni, tuliyasoma zaidi ya mara moja.

Kwa bahati, pikapu ya pili ya namna ile, iliyokuwa katika mwezi wake wa majaribio, ilikuwa yapanda Ngarenanyuki kuchukua nyanya siku ya pili yake, tukapata nafasi ya kukaa mbele. Njia inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na twiga walisimama karibu na barabara wakitutazama bila hofu. Karibu na Momella dereva wa pikapu alituonyesha upande lilipokuwa shamba la Hardy Krüger. Huyu alikuwa mwigizaji wa Kijerumani aliyekuja na wenzake, pamoja na John Wayne wa Marekani, kutengeneza picha ya sinema iitwayo Hatari! iliyoongozwa na Howard Hawks. Picha ilipigwa Tanganyika 1960 na 1961, ikatolewa 1962, na Krüger akapapenda mahali pale akanunua shamba, akaishi hapo miaka mingi. Leo pana hoteli ya wageni yenye jina la picha ile.

Twaitaja kwa sababu ya magari yake. Wale katika hadithi walikuwa wakikamata wanyama kuwapeleka katika bustani za wanyama, na njia ya zamani ilikuwa kumkimbiza mnyama kwa gari mpaka ulingane naye, kisha kumvisha kitanzi cha kamba kilicho mwisho wa mti mrefu. (Siku hizi hupigwa sindano ya usingizi kwa bunduki, maana kukimbizwa kulikuwa kukiua wanyama wengi.) Kwa hiyo lori la kukamatia lilivuliwa kila kisichotakiwa. Paa halikuwapo, na juu ya madigadi ya mbele kilifungwa kiti, ambapo John Wayne alikaa na mti wake wa kitanzi. Kwa macho ya mtu wa mjini gari ile ilikuwa kichekesho. Lakini aliyeiunda alijua mtu atakaa wapi, mkono wake utafika wapi, na mnyama atakuwa upande gani. Sisi tulipoandika jina la Chama mlangoni kwa hati nzuri, hatukuwa tumejiuliza hata gunia litalala wapi.

Basi tukiwa katika pikapu ile ya nyanya tulianza kujiuliza, na dereva wetu ndiye aliyetoa mengi. Nyanya ziliwekwa juu ya chaga za mbao zilizoinuliwa kidogo ili hewa ipite chini. Karafuu mbichi zataka hivyo hivyo, maana adui yake ni moto wa kurundikana. Mbavu za nyuma zilishushwa chini, ili akina mama wapakiao wasinyanyue mzigo mpaka mabegani. Turubai lilikuwa juu ya vyuma vilivyopindwa, limeachwa wazi mbele na nyuma. Pande zote palikuwa na kulabu nyingi za kamba, na mahali pa kukaa mtu juu ya mzigo hapakuwapo kabisa. Kamati imekubaliana juu ya hili la mwisho bila mjadala.

Na uzito. Pikapu ya aina yetu haikuumbwa kubeba zaidi ya kadiri ya tani moja, na hiyo ni katika njia nzuri. Tukumbuke kuwa karafuu mbichi kilo tatu hutoa kavu kilo moja tu, kwa hiyo gunia la mbichi si gunia la kavu hata kama macho yanaona gunia moja. Siku ya ajali hatukupima. Dereva amehesabu sasa kwa makisio, na anaamini tulikuwa tumepita kiasi kwa mbali. Ametaka jambo hili liandikwe, nasi tumeliandika.

Je, gari yetu ipelekwe Arusha? Fikra yetu ni hapana. Kuivusha bahari na kuisafirisha bara, kwenda na kurudi, ni fedha nyingi kabla hata spana haijashikwa. Chasisi mpya zilizozamishwa katika zinki hutengenezwa Uingereza mpaka leo, lakini bei yake pamoja na nauli ya meli ingekula akiba ya mbegu na mikopo ya wanachama. Wako mafundi wa kuchomelea hapa kwetu wenye mikono mizuri; walichokosa ni mtu wa kuwaelekeza na mteja anayejua la kudai. Mzee wa Arusha amekubali mambo mawili: kuja kwetu kwa wiki mbili kwa nauli na posho, bodi itakapokuwa imekwisha kuondolewa, na kumpokea kijana wetu mmoja kwa miezi mitatu ajifunze. Tulimtaja yule kijana aliyevunjika mguu. Alipoulizwa hapa nyumbani alisema yuko tayari, ila ataka kujua nani atakayetia saini safari hii.

Jibu letu ni kwamba Katibu hatatia saini peke yake tena. Tunapendekeza malipo yagawanywe mara nne: chasisi, kisha springi na breki, kisha injini, na mwisho bodi na rangi. Kila fungu litolewe baada ya dereva na wanachama wawili, wasiokuwa wa Kamati, kulala chini ya gari na nyundo na kuandika walichokiona. Fungu la mwisho lisitolewe mpaka gari imefanya kazi mwezi mmoja ikiwa kijivu.

Lakini haya yote ni ikiwa gari yafaa kutengenezwa. Inawezekana haifai. Ikiwa chasisi imekwisha katika mahali pote pa springi, na ule ukuta wa mbele nao umeoza, basi wale waliosema iuzwe walisema kweli. Vile vile namba ya chasisi imepigwa juu ya chuma chenyewe, mbele, karibu na springi. Ikiwa hailingani na kadi ya gari, na kwa jinsi gari yetu ilivyo ndoa jambo hilo laweza kutokea, tutahitaji kulisawazisha na wenye mamlaka ya usajili kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwa hiyo Kamati inawaita wanachama wote Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu za asubuhi, nyuma ya ghala. Kuku watakuwa wamehamishwa na gari itakuwa imeinuliwa juu ya magogo. Nyundo ziko mbili na chaki tunayo. Mwenye bisibisi ndefu aje nayo, na kila atakayependa kutazama chini aje na jamvi lake la kulalia. Alama zitahesabiwa mbele ya watu wote, namba itasomwa, kisha kura itapigwa hapo hapo.

Wenu,
Katibu wa Chama